Kaisari Kati ya Wenye Kutubu



Katika Injili ya Dominika hii, ambayo Mtakatifu Luka ametuandikia katika sura ya kumi na nane, Bwana wetu anatuonyesha watu wawili waliopanda kwenda hekaluni kusali. Mmoja alisimama mbele, akamhesabia Mungu mema yake yote. Mwingine alisimama mbali, asithubutu hata kuinua macho, akajipiga kifua na kuomba huruma. Sote tunaikumbuka hukumu ya Bwana: huyu wa nyuma ndiye aliyeshuka kwenda nyumbani kwake akiwa amehesabiwa haki. Kisha Bwana akatoa sheria ya ufalme wake, kwamba mwenye kujipandisha atateremshwa, na mwenye kujiteremsha atapandishwa.

Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni, na hatari ya maneno yaliyozoeleka ni kupita masikioni bila kugusa moyo. Tunafikiri kwamba unyenyekevu ni jambo la sauti ya upole na kiti cha nyuma. Lakini mtu aliyeshika upanga, ambaye neno lake moja linaweza kuwaua wengine, atajinyenyekeza kwa namna gani? Nani atathubutu kumwambia kwamba ametenda dhambi? Tena, hata akitubu, itakuwaje juu ya wale ambao tayari wamelala kaburini kwa ajili yake? Ili tupate kujibu maswali haya, leo tutafungua ukurasa mmoja wa historia ya Kanisa.

Twende hadi karne ya nne, katika dola ya Kirumi. Mwaka 379 jemadari mmoja mzaliwa wa Hispania, jina lake Theodosius, alifanywa Kaisari wa sehemu ya mashariki ya dola hiyo, naye alikuwa na umri wa miaka 32. Mwaka uliofuata aliugua sana akiwa katika mji wa Thesalonike, ule mji ambao Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake barua mbili. Huko, akidhani kwamba anakufa, alibatizwa na Acholius, askofu wa mji huo. Akapona. Mwaka 381 aliitisha Mtaguso wa Konstantinopoli, ambao unahusishwa na Kanuni ya Imani tunayoiungama katika Misa ya Dominika, pamoja na ungamo lake kwamba Kristo atarudi katika utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Huyu basi hakuwa mpagani wala mtesaji wa Kanisa. Alikuwa Mkristo mwenye bidii.

Katika Milano, mji mkubwa wa Italia ya kaskazini, alikuwako Askofu Ambrosi. Mwaka 374 alikuwa bado liwali wa serikali na mkatekumeni asiyebatizwa, akaenda kanisani kutuliza fujo ya watu waliogombana juu ya uchaguzi wa askofu. Watu wakapaza sauti wakamtaka yeye. Baada ya siku chache alibatizwa, akapewa daraja takatifu, na tarehe 7 Desemba, siku tunayofanya kumbukumbu yake hadi leo, akawekwa kuwa askofu. Makatekista wetu watafurahi kukumbuka kwamba ni Ambrosi aliyembatiza Mtakatifu Augustino usiku wa Pasaka wa mwaka 387.

Sasa tufike mwaka 390. Kaisari alikuwa Italia, na katika Thesalonike alikuwako jemadari wa askari aliyeitwa Butheric, mtu wa kabila la Wagothi. Jemadari huyu alimtia gerezani mwendesha magari ya farasi mmoja kwa kosa la uasherati. Mwendeshaji huyo alipendwa sana na watu wa mji, nao walipotaka afunguliwe kwa ajili ya mashindano, jemadari akakataa. Watu wakafanya ghasia, wakamwua Butheric. Hili lilikuwa kosa kubwa, na waliolitenda walistahili kushtakiwa mbele ya sheria.

Lakini habari ilipomfikia Kaisari, hasira yake haikungoja mashahidi wala mahakama. Aliamuru mji uadhibiwe. Ambrosi na maaskofu wengine walimsihi, akashauriana na watu wake wa karibu, na amri ikatoka. Baadaye akajuta, akatuma neno la kuitengua. Neno hilo likachelewa. Watu wa Thesalonike waliangukiwa na askari, wakauawa bila kutenganisha mwenye hatia na asiye na hatia, mwenyeji na mgeni. Mwanahistoria Theodoret, aliyeandika katika karne ya tano, anataja watu elfu saba. Wataalamu wa leo wanasita kuipokea hesabu hiyo, lakini hakuna anayekana kwamba waliouawa walikuwa wengi.

Sozomen, mwanahistoria mwingine wa karne ile ya tano, anasimulia habari ya mfanyabiashara aliyekuta watoto wake wawili wa kiume wamekamatwa. Akawatolea askari dhahabu yake yote na uhai wake mwenyewe badala ya wanawe. Askari walimhurumia, wakamwambia kwamba wanaweza kumwachilia mmoja tu, maana idadi waliyoamriwa isingetimia. Baba akamtazama huyu, akamtazama yule, akalia, asiweze kuchagua. Na wakati angali anasitasita, wote wawili wakauawa mbele ya macho yake. Sozomen anamtaja pia mtumwa mmoja aliyejitoa kwa hiari yake afe badala ya bwana wake aliyekuwa akipelekwa kuuawa. Historia haikutuachia jina la baba yule wala la mtumwa yule.

Na mji huo, ndugu zangu, ulikuwa mji wa ubatizo wa Kaisari. Mahali alipozaliwa kwa maji na Roho Mtakatifu, hapo ndipo alipomwaga damu.

Ambrosi alifanya nini? Wachoraji wakubwa wa Ulaya, kama Rubens na Van Dyck, wamemchora akisimama mlangoni pa kanisa, mkono wake umemzuia Kaisari asiingie, na askari wakiwatazama. Picha hiyo imetokana na simulizi la Theodoret, aliyeandika zaidi ya nusu karne baada ya mambo hayo. Lakini sisi tunayo barua ya Ambrosi mwenyewe, nayo inatuonyesha jambo la kimya zaidi na, kwa maoni yetu, kubwa zaidi. Kaisari alipokaribia kurudi Milano, Ambrosi aliondoka mjini. Alikuwa mgonjwa kweli, lakini anakiri kwamba ugonjwa haukuwa sababu pekee. Akachukua kalamu akaandika kwa mkono wake mwenyewe, bila karani, ili barua isomwe na Kaisari peke yake.

Katika barua hiyo hamtukani Kaisari wala hampaki mafuta. Anazisifu imani yake na hofu yake ya Mungu, kisha anamwambia wazi kwamba ana hasira ya asili ambayo akituliziwa hugeuka kuwa huruma, na akichochewa hawezi kuizuia. Anamkumbusha mfalme Daudi, ambaye nabii Nathani alimwendea na mfano wa mtu maskini na mwana-kondoo wake mmoja, naye Daudi hakuona haya kukiri dhambi yake. Anamweleza kwamba dhambi ya namna hii haiondolewi na malaika. Yaondolewa na Bwana peke yake, naye huwasamehe wenye kutubu. Mwisho anamjulisha kwamba hatathubutu kuiadhimisha Sadaka Takatifu ikiwa Kaisari atakuwapo kanisani. Ikiwa kumwaga damu ya mtu mmoja kunamzuia mtu asikaribie altare, itakuwaje kwa damu ya wengi?

Tuelewe uzito wa neno hilo. Kaisari angeweza kumfukuza askofu huyo au kumfunga. Angeweza kutafuta askofu mwingine wa kumwimbia Misa, maana wanaosifu wakubwa hawajawahi kuadimika. Angeweza kusema kwamba dola lazima ilindwe, na kwamba jemadari wake ndiye aliyeuawa kwanza. Sababu zote hizo alikuwa nazo.

Theodosius alikubali kutubu. Katika siku zile mtu aliyetenda dhambi kubwa inayojulikana na watu hakutubu kwa siri. Alijiunga na kundi la wenye kutubu, akakaa mbali na Meza ya Bwana, akaomba kwa machozi maombezi ya waamini, hadi askofu alipompatanisha na Kanisa mbele ya wote. Kaisari wa Warumi akavua mavazi na alama za ufalme wake, akasimama pamoja na wenye kutubu, akalia kanisani mbele ya raia zake. Kadiri ya masimulizi yaliyopokewa, ilikuwa Noeli ya mwaka ule wa 390 aliporudishwa kwenye Ekaristi. Augustino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, anaeleza kwamba watu walipoona ukuu wa Kaisari umelala chini, walilia wakimwombea, na machozi yale yaliwazidia hofu waliyokuwa nayo wakati wa hasira yake.

Theodosius aliaga dunia huko Milano tarehe 17 Januari 395. Siku ya arobaini ya kifo chake, Ambrosi alisimama kumhubiri, na mwanawe Honorius, mtoto wa miaka kumi, akiwapo. Kaisari huyo alikuwa ameshinda vita vikubwa na kuunganisha dola nzima chini ya mkono wake. Lakini Ambrosi aliusifu hasa unyenyekevu wake. Alikumbusha kwamba toba ya hadharani, jambo ambalo watu wa kawaida waliona aibu kulifanya, Kaisari hakuionea aibu, na kwamba tangu hapo haikupita siku asiyosikitikia kosa lile. Alikumbusha pia kwamba baada ya ushindi wake wa mwisho, mwaka 394, alijizuia kwa muda asipokee sakramenti, kwa sababu watu walikuwa wamekufa vitani. Mkono uliotia sahihi amri ya Thesalonike ulikuwa umejifunza kutetemeka.

Tusije hata hivyo tukamfanya Ambrosi kuwa mtu asiye na doa. Miaka miwili kabla ya mambo haya, mwaka 388, Wakristo wa mji wa Callinicum kando ya mto Frati waliichoma moto sinagogi ya Wayahudi. Kaisari aliamuru, kwa haki, kwamba askofu wa mahali pale aijenge upya. Ambrosi akapinga, na kwa hubiri lake kanisani akamlazimisha Kaisari aifute amri hiyo. Hapo mchungaji hodari aliwatetea waliodhulumu, na waliodhulumiwa wakabaki bila haki. Mwenye kuonya wakubwa naye yuko chini ya hukumu. Tarehe 12 Machi 2000, katika Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, Papa Yohane Paulo II aliongoza maungamo ya hadhara ya makosa ya wana wa Kanisa katika historia, yakiwamo yale waliyowatendea watu wa Israeli. Siku hiyo Kanisa zima lilisimama mahali aliposimama Theodosius.

Wapendwa, tunajifunza nini katika habari hizi?

Kwanza, juu ya hukumu ya Mungu. Wengi wetu tukisikia neno hukumu tunaona moto tu. Lakini hukumu ya Mungu ni nuru yake inayoonyesha mambo jinsi yalivyo. Nathani alimhukumu Daudi kwa kumfungulia macho, na barua ya Ambrosi ilifanya vivyo hivyo. Mtu anayeikubali nuru hiyo mapema, angali na pumzi, huikuta ni dawa. Anayeikimbia hataikwepa, atakutana nayo tu wakati ambapo dawa haipokelewi tena.

Pili, juu ya waliokufa. Toba ya Kaisari haikumrudishia baba yule watoto wake. Tuseme hivyo bila kuficha, maana wapo miongoni mwetu waliopoteza ndugu kwa mikono ya watu ambao baadaye walisema wametubu, nao hujiuliza kama msamaha wa Mungu umewasahau wao. Hapo ndipo Kanuni ya Imani inapokuwa faraja. Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu, maana yake wafu nao watasikilizwa. Katika sura ya ishirini na tano ya Mtakatifu Mathayo, Mfalme aliyeketi katika kiti cha enzi anajihesabu kuwa mmoja na walio wadogo kabisa, na yaliyotendwa kwao anayataja kuwa yametendwa kwake. Wale ambao historia imewapotezea majina hawajapotea mbele zake. Mtumwa yule wa Thesalonike aliyejitoa afe badala ya bwana wake hakusimamishiwa nguzo wala sanamu. Lakini tendo lake lafanana na tendo la Mwana wa Mungu kuliko ushindi wote wa Kaisari.

Tatu, juu ya kukwezwa. Mtume Paulo, katika sura ya pili ya barua kwa Wafilipi, anatuonyesha njia yenyewe. Kristo aliyekuwa na hali ya Mungu alishuka, akawa mtumwa, akatii hadi kifo cha msalaba, na kwa sababu hiyo Mungu akamkweza juu kabisa. Naye Mama Maria aliimba juu ya Mungu anayewashusha wakuu kutoka vitini vyao na kuwainua wanyonge. Sisi Waswahili tunayo methali, kwamba aliye juu mngoje chini. Kwa kawaida twaisema tukingoja kwa hamu mkubwa aanguke. Injili inatuzuia tusingoje namna hiyo. Ambrosi hakungoja chini ili amcheke Kaisari. Alimwandikia ili ashuke mwenyewe, kwa miguu yake, kabla hajaangushwa. Kushuka kwa hiari ndiyo toba. Na Mungu humkweza aliyeshuka kwa kumrudisha mezani pake.

Haya si ya makaisari peke yao. Kila mmoja wetu ana mahali ambapo neno lake ni amri. Baba anayo nyumba yake, mwalimu darasa lake, mwajiri watumishi wake, mwenyekiti wa jumuiya wanajumuiya wake, mkatekista wakatekumeni wake, nasi mapadre tunayo parokia. Wanahistoria wa kale wanasimulia kwamba toba ya Theodosius iliambatana na sheria iliyoagiza hukumu za kifo zicheleweshwe, zisitekelezwe wakati hasira ingali moto, na katika mkusanyo wa sheria za Kirumi imo sheria inayotaja siku 30. Hebu tujiwekee sheria ya namna hiyo nyumbani kwetu. Mtoto asipigwe, mke asifukuzwe, mtumishi asinyimwe mshahara wake, wala mwanajumuiya asitengwe kwa neno lililotoka kinywani wakati wa ghadhabu. Wahenga hawakukosea waliposema hasira ni hasara.

Nanyi mnaotakiwa kumwonya mkubwa aliyekosa, igeni barua ile. Bwana ametufundisha tumwendee ndugu yetu kwanza tukiwa sisi na yeye peke yetu. Andika kwa mkono wako, usitume karani. Sema ukweli wote, na uuseme kwa machozi. Wala usinunuliwe kwa mchango wa kanisa wala kwa kiti cha mbele.

Na tukikosa sisi wenyewe, tusiridhike na kunong'ona dhambi zetu katika kiti cha kitubio huku tuliowadhulumu tukiwapita njiani kana kwamba hawapo. Padre atatuondolea dhambi kwa mamlaka ya Kristo, lakini malipizi yatatudai turudishe tulichonyang'anya, na tuombe radhi mbele ya wale walioona kosa letu. Kaisari alilia hadharani kwa sababu damu ilimwagwa hadharani. Baba aliyemtukana mkewe mbele ya watoto amwombe radhi mbele ya watoto haohao. Watoto hawatamdharau. Watafanana na watu wale wa Milano, watalia na kumwombea.

Tusali. Ee Bwana, Hakimu wa wazima na wafu, uliyehukumiwa kwa ajili yetu nawe huna kosa, utupe nuru ya kuziona dhambi zetu kabla jua letu halijatua. Uwape wakubwa wetu sikio la kusikia, na wachungaji wetu ujasiri wenye huruma. Uwakumbuke wote waliouawa bila hatia, ambao wewe peke yako unayajua majina yao. Na siku ya kuja kwako, utukute tumesimama mahali pa yule mtoza ushuru, upate kutuinua kwa mkono wako mwenyewe. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.